Bidoni ya Saba

Papa Faida, Muzee wangu,

Maji yamefika Ndosho. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanza na salamu ungeniambia niache mizunguko, nikueleze kwanza kama bomba linavuja. Halivuji. Viungo ulivyobana kwa mkono wako kabla ya kuugua vimeshika vyote. Vile nilivyobana mimi vimeshika pia, isipokuwa kimoja karibu na kanisa kilichotoa jasho siku ya kwanza, na hicho nilikirudia kimyakimya kabla mtu hajaniuliza.

Ungeona wamama kwenye bomba la chini, lile la karibu na uwanja. Hakuna tena kupanda pikipiki ya motari na bidoni mbili, madumu matupu, kwenda ziwani alfajiri. Wanakuja na mazungumzo yao, wanagombana kidogo kuhusu foleni, wanacheka, wanaondoka. Jana mmoja alinawa miguu hapo hapo, taratibu, kidole kwa kidole, na hakuna aliyemwambia anaharibu maji. Nilisimama mbali nikamtazama, nikatamani uwe kando yangu ukisema neno lako la kichokozi. Sikulisikia, nikarudi kazini.

Lakini sikuandikii ili nijisifu. Kuna jambo nililiharibu, Papa Faida, na mtu wa kumwambia ni wewe tu. Enjinia nimemwambia kwa ripoti, na ripoti ina mahali pa kuandika kilichotokea lakini haina mahali pa kuandika kwa nini.

Unakumbuka ulivyonikuta. Nilikuwa navunja mawe ya lava kando ya barabara, watoto wangu wawili wamekaa juu ya gunia, na wewe ukafika hapo na mtaro wako wa bomba. Ulisimama ukatazama ninavyopiga nyundo, kisha ukaniuliza kama naweza kupasua mstari ulionyooka. Nikakujibu kwamba mstari ulionyooka ni mambo ya watu wenye nafasi. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Kesho yake nilikuwa ndani ya mtaro wako, na wanaume wa kikosi wakawa wananiita Mama Burene kwa sababu niliishika burene, ile patasi ya chuma, vizuri kuliko wao. Wewe peke yako uliniita Zawadi, jina langu, tangu siku ya kwanza.

Kupasua jiwe nilijua. Ulichonifundisha wewe ni kwamba kazi ya maji haiishi bomba likifukiwa. Wengi wanadhani ukishafukia unafungulia watu wakanywa. Ulikuwa ukisema bomba jipya ni sufuria ya sokoni, hata ingʼae namna gani huipikii kabla hujaiosha. Kwanza tunalisukuma kwa maji matupu, kwa nguvu, mpaka vumbi jeusi la lava na vinyuzi vya plastiki vitoke na maji yawe meupe. Unakumbuka siku ile Amani wa kikosi chetu alipotafuta kandambili yake wiki nzima, akamshuku kila mtu, halafu ikatoka yenyewe mwisho wa bomba mbele ya enjinia? Ulimwambia enjinia hiyo ndiyo alama yetu ya kazi. Baada ya hapo tunalijaza maji yenye klori kali na kulifunga, likae hivyo mchana na usiku, klori iue vijidudu. Halafu ndipo tunayatoa maji yale, yote, na kulisuuza bomba tena, na kupeleka chupa maabara, na kungoja.

Na maji yale tunayoyatoa, tunayapeleka wapi? Hapo ndipo ulipokuwa mkali. Wengine wanayaachia tu, kwa kuwa ardhi ya Goma ni jiwe lenye nyufa na maji yanapotea kabla hujageuza shingo. Wewe ulikuwa unasema yamepotea machoni pako tu. Ulinisimulia mara moja, sauti chini, jinsi ulivyokuwa kijana kule Himbi ukaachia maji ya klori kwenye mfereji unaoelekea ziwani, na kesho yake asubuhi visamaki vya pembeni vilikuwa vinaelea matumbo juu. Hakuna aliyekushitaki. Mvuvi mmoja alikuuliza tu kama unajua kilichowapata samaki, ukasema hujui. Uliniambia uongo ule ulikaa nawe kuliko samaki wenyewe.

Kwa hiyo kila kazi tuliyofanya ilikuwa na bwawa lako. Kuchimba shimo hapa ni ndoto, basi tulipanga mawe duara kufika kiunoni, tukatandika bashi, turubai la plastiki, ndani yake, tukayaacha maji humo wazi, tukitia ule unga unaoua klori na kukoroga kwa ubao, jua na upepo vikimalizia. Tulipima na kupima. Mpaka kile kichupa cha kupimia kiache kugeuka pinki, hakuna tone lililotoka. Enjinia wa kwanza alikucheka, akasema unawalea samaki. Ulimjibu kwamba na bustani za mboga za lengalenga pia unazilea.

Na kabla ya bwawa kulikuwa na kikombe. Hicho ndicho ninachotaka kukiri.

Siku moja kabla ya kuachia maji ya klori, ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba. Mkononi kikombe cha plastiki chenye dawa iliyokolea kutoka kwenye pipa, na ndani yake kipande cha kikwembe, yaani kitenge, cha bluu ukikipata. Unapiga hodi, unaulizia hali ya watoto, unakaa ukipewa kiti. Halafu unamwonyesha mama wa nyumba kitambaa kilivyopauka, unasema: "Mama, kesho tunaosha tiyo ya mayi. Mayi itatoka mingi. Usichote. Ile inakula rangi ya kikwembe, tumboni itakula nini?" Nyumba moja dakika kumi, nyingine nusu saa. Tulikuwa tunanungʼunika nyuma yako. Amani alisema unatafuta chai. Kweli chai ulikunywa nyingi.

Safari hii nilibaki mimi, mkuu wa kikosi. Enjinia alikuwa na haraka kidogo, wageni walikuwa wamealikwa Jumamosi kwa uzinduzi, lakini sitamsingizia. Siku za kupita nyumba kwa nyumba zilikuwepo. Nilichukua kikombe, Papa Faida. Nilikata hata kitambaa. Nikafika nyumba ya kwanza, ile yenye mlango wa kijani, na kabla sijafungua kinywa mama wa pale akanishika mikono miwili akasema pole ya Muzee. Machozi yakanijia mbele ya watoto wake. Nyumba ya pili hivyo hivyo, na wakaanza kusimulia jinsi ulivyokaa kwenye kiti kile. Nikaona mtaa mzima ulivyo mrefu, nyumba zote zile, kila moja na pole yake na kiti chake. Na kwenye kona ya tatu iko nyumba yako mwenyewe, ambayo sikuwa nimeikanyaga tangu siku tuliyokuzika.

Nikarudi. Nikamwaga kikombe ndani ya pipa. Nikaandika karatasi kwa herufi kubwa, Kifaransa juu na Kiswahili chini, kwamba maji haya si ya kunywa, nikazibandika kwenye nguzo. Nikajiambia watu wanasoma siku hizi.

Asubuhi ya kuachia maji, Amani alibaki kwenye bwawa, mimi nikapanda juu kwenye tangi kufungua vane, ile valvu kubwa. Ulinifundisha kufungua polepole, robo kwa robo, nikafanya hivyo, nikakaa huko kama saa nzima nikisikiliza bomba likihema. Niliporudi chini nilimkuta Amani amesimama mikono kichwani. Watu walikuwa wamekuja na bidoni.

Aliwakataza, najua alikataza. Ni mtu mzima mwenye sauti. Lakini mama mmoja alimkatiza. Alimwambia: "Miaka yote mulitufundisha kule ziwani, mayi ikinuka klori njo muzuri. Leo inanuka kuliko siku zote, munasema mbaya?"

Ni kweli, Papa Faida. Kila kipindupindu kinapokuja, vijana wenye sirinji wanakaa pwani ya ziwa wakitia klori bidoni kwa bidoni, na mama mwenye akili ni yule anayesubiri kutiliwa. Watoto wetu wanajua harufu ile kuliko harufu ya sabuni. Tumewafundisha wenyewe kwamba hiyo ndiyo harufu ya uzima. Mahali pengine labda watu wangekimbia maji yanayonuka vile. Ndosho wanayakimbilia. Na zile karatasi zangu? Wengine walidhani tunataka kuwawekea wageni wa Jumamosi maji bora.

Amani alihesabu bidoni saba zilizoondoka kabla hajafunga njia kwa mkokoteni. Alikuwa amekariri waliozibeba, sifa yake hiyo. Nikamwachia bwawa, nikaanza kukimbia.

Ya kwanza na ya pili zilikuwa bado mlangoni, nikazimwaga mwenyewe kwenye ndoo nikayarudisha maji bwawani. Ya tatu walikuwa wameanza kufulia, na shati la shule la mtoto lilikuwa na madoa meupe mgongoni. Niliomba msamaha. Ya nne ilikuwa kwa mama mzee Uwimana, yule wa Rutshuru anayelea wajukuu. Alikuwa amepika uji. Mjukuu wake mdogo alikuwa amekunywa vijiko vichache, akatapika, analia na kushika koo. Nilimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, bibi yake nyuma yangu anasali kwa Kinyarwanda. Sikuomba chochote njiani, nilihesabu pumzi zake tu. Muuguzi alimpa maji safi kidogo kidogo, akamtazama mdomo, akasema koo limeungua juu juu, litapona. Jioni mtoto alikuwa anadai ndizi.

Uwimana hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu: "Muzee angepita kwanza." Nikamwambia ndiyo, angepita. Akanishika bega, na ile pole niliyoikimbia akanipa pale pale mlangoni pa kituo.

Ya tano na ya sita nilizipata kwa watu wenye busara zaidi yangu. Walikuwa wameonja wakatema. Ikabaki moja. Nikamuuliza kijana wa kuuza kadi za simu kama ameona mama mwenye skafu nyekundu na bidoni. Akasema ameiona bidoni ikiingia kwa Mama Faida.

Nilisimama kwenye kona ile, Papa Faida, nikamwona akilini mwangu Mama Faida akinywa kikombe kizima, na shinikizo lake la damu, na ile dawa ya asubuhi anayoimeza na maji mengi. Nilijiambia nimemzika Muzee mwezi wa mvua na sasa nitamzika mke wake kwa mkono wangu, kwa ajili ya machozi niliyoona aibu kuyatoa. Halafu nikakimbia.

Lango lako halikufungwa. Alikuwa amekaa uani kwenye kile kigoda cha kumenyea mihogo, kitenge cheusi cha kilio bado mwilini, na bidoni ya njano mbele yake, kifuniko wazi. Alikuwa ameinama juu yake. Nikadhani anatapika. Nilimshika mabega nikamuuliza amekunywa kiasi gani, nikamuuliza mara tatu, nikamfungua mdomo kwa vidole kama mtoto. Akanitoa mkono kwa upole.

Alisema hajanywa. Alisema jirani yake alikuwa anapita na bidoni hiyo kichwani, upepo ukamletea harufu, na yeye akatoka mbio uani akamsimamisha. Akamnyangʼanya. Akampa bidoni yake mwenyewe ya maji ya ziwa aliyokuwa amechemsha jana, ili asiende mikono mitupu.

"Hii haiko mayi ya kunywa, Zawadi," akaniambia. "Hii njo Papa Faida wakati anatoka ku kazi."

Nilikaa chini kwenye mawe. Akaniambia kwamba siku ya kuondoa kilio, matanga yalipoisha, shemeji zake walifua nguo zako zote, kama inavyotakiwa, wakazigawa kwa ndugu. Na walifua vizuri, na sabuni ya unga, na kuzianika siku mbili. Hakuna aliyefanya kosa. Lakini alipokwenda baadaye kutafuta shati moja, lolote, alikuta nyumba nzima haina tena harufu yako. Miaka yote alikuwa anakulalamikia klori kwenye nguo, anakufungulia dirisha, anakutuma uoge kwanza. Tangu ufe alikuwa hajaisikia hata mara moja, mpaka asubuhi ile.

Nilimwomba msamaha kwa kutokuja. Nikamweleza sababu, yote, na kikombe nilichomwaga. Akasema anajua. Akasema nyumba ya marehemu ni nzito kwa yule aliyempenda, lakini yeye anaishi ndani yake, hana kona ya kurudia. Tulilia wote wawili, Papa Faida, vizuri, bila haraka, na jirani mwenye skafu nyekundu akaja akalia nasi bila kujua hasa kilichoanzisha.

Nilipotaka kuinua bidoni niipeleke bwawani na zile nyingine, Mama Faida aliweka mkono juu yake. Mimi ndiye mkuu wa kikosi sasa, na sheria yako naijua: hakuna tone linalobaki. Nilitafakari. Kisha nikamwomba kipande cha mkaa, nikaandika ubavuni mwa bidoni kwa herufi kubwa kwamba si ya kunywa, pande zote mbili, na nikachora fuvu kwa ajili ya wajukuu zenu wasiojua kusoma.

Na halafu nilifanya kitu ambacho hujawahi kuniona nikikifanya. Miaka yote ulinifundisha kuacha maji yale wazi, juani, upepo upite, ili klori iondoke upesi. Nilichukua kifuniko nikakibana kwa nguvu zangu zote, nikafunga na mpira juu yake, nikaibeba bidoni mpaka chumbani kwenu, nikaisukuma chini ya kitanda upande wako, kwenye giza. Nikamwambia afungue kidogo tu, mara moja moja, na kufunga haraka. Hivyo harufu itakaa siku nyingi zaidi.

Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba, zote, na kikombe na kitambaa. Wageni wa Jumamosi waliahirishwa, enjinia alinuna wiki moja. Bwawa lilikaa mpaka kichupa kikaacha kugeuka pinki, tukasuuza bomba tena, maabara wakasema safi, tukafungua.

Nakuahidi hili, Papa Faida. Hakuna bomba nitakalofungua tena bila kuketi kwenye kila kiti, hata kiti ambacho ulikaa wewe, hata kama nitalia nyumba ishirini mfululizo. Mjukuu wa Uwimana namwangalia kila Jumapili. Na Mama Faida hakai peke yake, naingia kwake kila nikishuka kazini.

Jana aliniambia harufu imeanza kupungua. Anapaswa sasa kuinama karibu kabisa. Siku harufu itakapokwisha ataniita, na nitakuja mimi, si mwingine, tuimwage pamoja. Yatakuwa maji tu wakati huo, hayatadhuru mtu wala samaki. Hajaniita bado. Simharakishi.

Lala salama, Muzee wangu.

Zawadi